Karatasi za Mkutano wa Kuku

Handeni, Jumamosi mchana

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mguu wako umepungua kuvimba, na Mama kikohozi kimemwachia. Je, mahindi ya bondeni yamenusurika na nguruwe mwaka huu? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio hauna raha, ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Huku mtandao unapatikana ukisimama juu ya kichuguu nyuma ya ofisi, na anayeongea pale anasikiwa na ofisi nzima. Anayekuletea barua hii ni mwalimu wa shule ya hapa, anarudi kwao Korogwe likizo. Mpe chai. Ni mtu mwema, ila hajui kilichoandikwa humu.

Baba, Jumatatu nimeitwa makao makuu ya wilaya kujieleza. Naomba usome mpaka mwisho kabla hujamwambia Mama.

Unajua kwamba mimi ni karani wa kumbukumbu hapa ofisi ya kata. Kuna kijiji kimoja hakina mtendaji tangu wa zamani ahamishwe, kwa hiyo Mtendaji wetu wa Kata anakaimu, na mihtasari ya mikutano ya kijiji hicho naandika mimi. Miezi miwili iliyopita uliitishwa mkutano wa chanjo ya kideri cha kuku. Wanaume hawakufika ila wachache, maana kuku huku ni mali ya wanawake, na mwanamume akikaa kujadili vifaranga huchekwa hadi kwake. Wafugaji wa ng'ombe hawakuja kabisa. Wanawake walijaa. Nilizungusha karatasi za mahudhurio, na wasiojua kuandika niliwaandikia majina, wakaweka dole gumba.

Kosa langu lilianzia hapo. Sikuandika kichwa cha karatasi. Unanijua na mwandiko wangu, wewe ndiye uliyenifundisha kutoona haya kufuta na kuanza upya. Sikutaka kuandika kichwa karatasi ikiwa gotini. Nilitaka nikakiandike ofisini, mezani, kwa rula. Nikaacha nafasi juu, upana wa vidole vitatu. Tulipofika ofisini Mtendaji akasema, "Lete hizo, nitazitunza mwenyewe," nami nikampa.

Wiki iliyopita aliniita chumbani kwake, akafunga mlango. Mezani aliweka karatasi zilezile pamoja na rasimu ya muhtasari. Rasimu ilisema kwamba wanakijiji, katika mkutano mkuu, wamekubali kwa kauli moja eneo lote linalozunguka lambo, wanakonyweshea mifugo kijiji kizima, apewe mwekezaji wa machungwa. Tarehe ilikuwa ya siku ya kuku.

"Iandike vizuri kwa mkono wako, msomi wangu," alisema. "Majina mengi umeyaandika wewe, mwandiko lazima ufanane."

Nikamwambia, "Mzee, ule mkutano ulikuwa wa kuku."

Akacheka sana. "Kuku wanakunywa maji wapi? Si lamboni? Basi ajenda ni ileile."

Kisha aliacha kucheka. "Zaina, wewe hujathibitishwa kazini. Fomu yako iko kwenye droo hii. Umeletwa hapa kuandika au kuhoji?"

Baba, niliandika. Sitakuficha. Kurasa mbili nzima, bila doa, bila kukata neno. Nilibakiza saini yangu tu, nikamwambia nitaweka kesho baada ya kukagua namba za ajenda. Akaniachia kila kitu nikafungie kabatini, kwa sababu aliona nimeshakubali. Na kweli, wakati ule nilikuwa nimeshakubali.

Asubuhi yake Bi Mwantumu alikuja dirishani. Huyu ni mama anayeniuzia mayai, na alikuwa akitaka barua ya utambulisho ya kumpeleka mjukuu wake hospitali.

"Karani!" aliita kwa sauti, foleni yote ikisikia. "Kuku wangu wote wamenenepa, wewe ndiye unakonda. Chanjo ilibaki? Njoo nikuchome!"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Kisha akainama karibu na nondo. "Eti chanjo ya pili lini, mwanangu? Maana mimi siku hiyo nitakuwa shambani. Kama ni kidole, chukua sasa hivi." Akakipitisha kidole chake dirishani, akakiacha hapo, akingoja.

Chuoni tulifundishwa kwamba utumishi wa umma ndio unaolijenga taifa. Swali hilo lilikuja kwenye mtihani, nikajaza kurasa tatu, nikafaulu. Lakini Bi Mwantumu hajawahi kumwona waziri wala mkuu wa mkoa. Akisema "serikali" anamaanisha dirisha hili, na aliyekaa ndani yake ni mimi. Siku ya mkutano alinipa kidole kwa sababu nilimwambia, "Weka hapa, mama." Hakuuliza ni karatasi ya nini.

Nilimwandikia barua yake, nikamtakia safari njema. Kisha nikafungua kabati, nikachukua rula, nikaandika juu ya kila karatasi: MAHUDHURIO YA MKUTANO WA CHANJO YA KUKU, na tarehe. Hata kwa rula, herufi zilienda upande. Muhtasari sikuthubutu kuuchana. Niliuacha bila saini.

Mtendaji alizikuta saa sita. Hakupiga kelele, na laiti angepiga. Alisema tu, "Umechezea nyaraka za serikali," akakaa kuandika barua ya kunishtaki.

Kinachonitisha, Baba, ni kwamba kwa sheria za ofisi hajakosea. Kichwa kimeandikwa miezi miwili baada ya mkutano, tena kwa wino wa rangi nyingine. Ukweli nimeuandika kwa kuchelewa na kwa mkono mbaya, uongo niliuandika kwa mwandiko mzuri. Atakayezisoma zote mbili bila kunijua ataamini ipi?

Sasa najua utakalofanya. Utavaa koti, utakuja mpaka Handeni kwa yule rafiki yako wa wilayani, mliyekuwa naye kazini mkiwa mabwana shamba, umwambie, "Mtoto bado mdogo, hakuelewa, msameheni." Nakupigia magoti, usije. Jana Mtendaji mwenyewe aliniambia kwa upole, "Andika kwamba ulipitiwa, tuyamalize, nami nitakuthibitisha." Ndicho anachokitaka. Ukiniombea msamaha, nitakuwa nimekiri kwamba kile kichwa ni uongo. Eneo la lambo litachukuliwa, na msamaha wangu utakuwa kiambatisho.

Katika maelezo yangu nimeandika yote, hata kwamba muhtasari niliuandika mimi. Nimeomba wanawake wale waitwe, waulizwe siku ile walikuja kwa ajili gani. Sijui kama wataitwa. Bi Mwantumu sijamwambia neno, maana niliapa kutunza siri za ofisi, na kiapo nacho nakiogopa. Kesho nitapanda pikipiki mpaka barabara kuu, nilale mjini, asubuhi ya Jumatatu niwe mlangoni pa ofisi ya wilaya.

Wakinirudisha nyumbani nitakuja na godoro langu. Najua Magoma nzima ilikula pilau ya ajira yangu, na najua watakavyouliza. Wajibu unavyoona vema, ila usiwaambie kwamba nilipitiwa. Sikupitiwa.

Msalimie Mama, umwambie dawa anywe mpaka ziishe. Bibi mzaa mama mpe shikamoo zangu nyingi. Shangazi wa Kilole, aliyenilea nikiwa sekondari, mwambie bado ninamkumbuka katika dua. Kaka yangu wa Masuguru asiambiwe mpaka Jumanne, kwa kuwa ana hasira za haraka.

Niombee, Baba. Naogopa sana.

Mimi mwanao, ambaye mpaka Jumatatu bado ni mtumishi,

Zaina