Gunia la Kahawa Lililopanda Wanale

Semei Wanzala,
Walukuba, mstari wa nne,
Jinja.

Jumapili, 11 Agosti 1996

Mpendwa shemeji yangu Taban,

Mulembe, afande. Eldoret inasemaje na baridi yake? Ng'ombe wanakamuliwa? Na yale meno mawili ya mbele niliyoyaacha kinywani mwako mwaka juzi, bado yapo kazini au yamestaafu? Dada yangu Nabifo namuulizia pia, maana kuishi na wewe miaka thelathini na mitatu si kazi ndogo. Sisi huku tu wazima. Babirye wangu ana mafua, lakini sauti ya kunigombeza haijapungua hata kidogo. Mimi nakuandikia nimesimama, karatasi juu ya kabati kama karani wa posta. Sababu utaiona mbele.

Barua ya Nabifo ilifika Jumanne. Anasema mguu wako wa kushoto sasa unaburuta, kiatu kimelika ncha, na ganzi imepanda mpaka gotini. Daktari amekuandikia Jumatano ya tarehe 18 Septemba upasuliwe mgongo, nawe umekataa. Unasema aliyepasuliwa mgongo hatembei tena. Unasema pia kwamba mgongo huo ndio uliokuolea mke, kwa hiyo kisu hakitaugusa. Badala yake unalala kifudifudi, na mtu anakukanyaga kwa visigino mpaka jasho limtoke. Taban, wewe si udongo wa kufyatulia matofali.

Sasa sikiliza. Mimi nimepasuliwa. Mwezi wa tatu, Kampala, mgongo huuhuu unaoujua. Sikukuambia kwa sababu niliona haya, na kwa sababu nyingine ambayo nitaitaja nikishapata ujasiri, labda kwenye ukurasa wa pili.

Unakumbuka bendi yetu ya magereza pale Mbale? Wewe tarumbeta, mimi ngoma kubwa. Tulikuwa tukishuka barabara mpaka kwenye mnara wa saa, akina mama wanaacha sukuma wiki sokoni waje kututazama. Mimi niliamini wananitazama mimi. Kumbe walikuwa wanaitazama ngoma inatembea na miguu miwili chini yake. Miaka kumi na minane nimeibeba kifuani, nimejipinda nyuma kama upinde, na kila jioni nikijinyoosha mgongo unalia kama kuni mbichi. Tulicheka. Tulidhani ni mlio wa ujana.

Mwaka jana ule mlio ukashuka mguuni. Kukohoa, umeme. Kupiga chafya, umeme. Chooni sikwambii. Daktari alinieleza kwamba kati ya mfupa na mfupa wa mgongo kuna kitu laini, kama kitambaa kati ya vyungu viwili, na changu kimechomoka kinabana mshipa wa mguu. Alisema maumivu peke yake mtu anaweza kungoja, wengi hupona bila kisu. Lakini mguu ukianza kulegea, usingoje. Haya maneno ya kulegea yarudie mara mbili, ndiyo yako.

Nilipozinduka sikuuliza habari ya mtu yeyote. Nilitazama vidole vya mguu nikaviamuru. Vikatii, kimoja kimoja, hata kile kidogo kisichopenda kazi. Nikalia, shemeji. Hilo usimwambie Nabifo.

Siku ya pili akaja binti wa mazoezi, anaitwa Shallon, mwembamba kama fimbo ya mwalimu. Akanifundisha kutoka kitandani: mzee, usiinuke kama mtu aliyesikia moto, geuka wote kwa pamoja kama gogo, shusha miguu, jisukume kwa mkono. Akanipa mazoezi ya nyumbani. Kulala chali, kukunja goti moja, kulirudisha. Mara kumi, polepole, asubuhi na jioni. Halafu kutembea kidogo.

Wewe unatujua sisi watu wa depo. Koplo akisema kumi, nani alifanya kumi? Kumi ilikuwa ya wagonjwa na wanafunzi. Nikafika Walukuba, wiki ya tatu, najisikia kijana, nikatandika mkeka barazani, nikajihesabia kwa sauti ya gwaride mpaka arobaini. Majirani wakatoka. Nilipoona kuna watazamaji nikaongeza ishirini, tena kwa mwendo wa haraka. Kwenye hamsini na saba mgongo ukafunga kama mlango wa selo. Babirye alinikuta nimeganda, goti moja juu, kama mende.

"Nani alikwambia sitini?" Shallon akaniuliza nilipopelekwa kwake.

"Hakuna, afande."

"Na mimi nilisema ngapi?"

"Kumi, afande."

"Mzee Semei, huu mgongo si kuruti. Hauogopi kelele. Unataka kubembelezwa."

Miezi miwili nilirudi nyuma kwa sababu ya zile hamsini zangu za maringo. Ukiniuliza mgongo mpya unavunjwa na nini, nitakwambia ni sifa.

Basi nikaanza upya kama mtoto. Unakumbuka nyumba za Walukuba zilivyopangwa mistari? Nilitembea mpaka nyumba ya jirani nikarudi. Kesho yake nyumba mbili. Kila siku nyumba moja zaidi, na kila nyumba ikawa na la kusema. Wengine wakaniita mkaguzi. Zamani filimbi za viwanda zilikuwa zinatupangia siku huku, mstari mzima wanaume wanatoka pamoja na mkate kwapani. Siku hizi nyingi zimenyamaza, vijana wanakaa barazani, kwa hiyo mzee anayetembea kama amebeba mayai ni sinema yao. Sikujali. Sasa nafika Masese ziwani na kurudi bila fimbo. Jerikeni iliyojaa siruhusiwi, naenda bombani na kibirika, wanawake wananicheka, nami nawasaidia kucheka. Kitu kikianguka nachuchumaa kwa magoti, sikunji kiuno. Kukaa ndiyo shida iliyobaki: nikizidisha dakika arobaini mguu unanikumbusha. Ndiyo maana ya kabati.

Wiki iliyopita nilikwenda Mbale. Huu ni mwaka wa tohara, ngoma zinapita Malukhu mchana kutwa, vijana wamepakwa unga wanatikisa mabega. Nilisimama pembeni na mabega yangu nikayaamuru yatulie. Nikatazama juu, ule ukuta wa mlima wetu Wanale na maji yake yanayoning'inia, na ujasiri niliokuwa naungoja ukanijia.

Taban, ile kahawa.

Mwaka wa sitini na tatu, siku mlipokuja kwa mahari, nilikungoja chini ya mlima na gunia nililolichukua kwa mjomba. Ulikuwa na suti ya kijivu ya kuazima. Nikakwambia kwetu Wagisu, mtu wa mbali akitaka binti wa mlimani, hubeba kahawa mpaka mlangoni kwa mama mkwe bila kuitua. Hukuuliza neno. Ulijitwika ukapanda, pale ambapo hata mbuzi hupumzika, na viatu vyako vya gwaride vikiteleza. Ulipofika juu uliomba maji tu.

Hakuna mila kama hiyo. Kahawa hushuka mlima kwenda kuuzwa, haipandi. Mama aliponivuta kando kuniuliza kwa nini mkwe anarudisha kahawa, nilimwambia ndivyo watu wa kaskazini wanavyosalimia wakwe zao. Akaona ni adabu kubwa. Wewe ukaona umetimiza yetu, wao wakaona umeonyesha yenu, na kwa kuwa mkwe hahojiwi wala hahoji, miaka yote hii hakuna aliyeuliza. Mama alikufa anakusifu. Hata Nabifo hajui.

Nilimuuliza Shallon kama gunia moja linaweza kumharibu mtu. Alisema mgongo huliwa kidogo kidogo, siku nyingi, haulaumiwi mzigo mmoja. Labda. Lakini nilimwona mtu akishuka siku ile ameshika kiuno, nikacheka na wenzangu. Nisamehe, shemeji. Na ujue hili: mgongo wako haulindi mila ya mtu yeyote. Hawakukupa mke kwa sababu ya gunia. Nabifo alikuwa ameshakukubali tangu kwenye tarumbeta, nami nilikuwa najua. Hiyo ndiyo iliyoniudhi.

Mguu huo bado unaokoleka, kwa hiyo acha visigino vya watu, nenda ukapasuliwe. Mimi nakuja. Safari ya siku moja nitaifanya siku nne: nitashuka Iganga nijinyooshe, nitalala Tororo, nitalala Bungoma, nitalala Webuye. Nikifika nitakaa kando yako dakika arobaini, nitasimama, nitakaa tena, na ukizinduka tutaviamuru vidole pamoja. Halafu nitakufundisha kumi. Kumi tu.

Wasalimie Muhamad na Night, waambie mjomba wao bado hajaongoka. Babirye anakusalimu wewe na wifi yake. Mungu aiongoze mikono ya huyo daktari, na akupe usingizi mzuri usiku wa kuamkia siku hiyo.

Jumanne tarehe 17 nitakwenda hospitalini moja kwa moja, sitapitia nyumbani. Nisipokukuta huko, nitapanda kitanda watakachokuwa wamekuwekea na nitajibu kwa jina lako.

Mimi shemeji wako mkorofi, nikupendaye tangu siku ile,

Semei Wanzala