Dirisha la Mbele na Kodi ya Ploti

Baba,

Ni mimi Nekesa, kifungua mimba wako. Mahindi yamefika magotini tangu tukuzike, na ndiyo kwanza napata nguvu ya kukuandikia. Kuna jambo lazima nikuambie.

Siku ya mazishi watu walisimama uani wakiitazama nyumba yako kwa huruma. Matofali bila plasta, na upande wa barabara hakuna dirisha hata moja. Kisha wakaingia ndani kunywa chai, wakakuta sakafu ya simiti inang'aa na kuta nyeupe pe. Shangazi wa Bungoma akaninong'oneza, "Kwani mlikuwa mnaficha mtu?" Nilicheka, Baba. Siku ya kukuzika, nilicheka.

Tulikuwa tunaficha nyumba yenyewe. Tangu miaka ile ya themanini, mpaka wa mji wa Kitale uliposogezwa ukameza shamba letu na tukaanza kulipa kodi ya ploti, neno lako lilikuwa moja: "Mkipamba mbele, watu wa kodi watapandisha." Mama aliomba dirisha moja tu, aone nani anaenda sokoni na nani anarudi. Kila mwaka ulimjibu, "Ngoja kwanza, Mama Nekesa." Naye akangoja.

Baada ya matanga nilienda ofisi ya manispaa kulipa. Kwa woga niliourithi kwako, nikamuuliza karani kodi itapanda kiasi gani tukiongeza dirisha. Akanishangaa. "Dada, sisi tunatoza kodi ya ardhi tu! Nyumba ni yako, jenga hata ghorofa, bana."

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za ofisi. Nilikukasirikia sana. Miaka yote hiyo, kwa nini hukuuliza hata siku moja?

Halafu nikamkumbuka babu. Wewe mwenyewe ulitusimulia jinsi mkoloni alivyotoza kodi kwa kuhesabu nyumba, babu akabomoa ya mke mdogo, wake wawili wakalala chini ya paa moja, na wewe ukakulia katikati ya ugomvi wao. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hukuwa bahili, Baba, uliogopa tu. Nilipofika nyumbani hasira ilikuwa imepungua, ingawa sisemi imekwisha.

Wiki iliyopita fundi alivunja ukuta wa mbele, na sasa Mama anashinda dirishani. Lakini macho yake yameingia ukungu siku hizi. Mtu akipita anauliza, "Nani huyo?" nami namtajia: mwalimu na baiskeli yake, mama wa maziwa, watoto wa shule. Anasikiliza na kutabasamu, nami naingia jikoni nilie kidogo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kodi yoyote.

Nimemwahidi, na wewe nakuahidi: tukivuna nitampeleka kwa daktari wa macho, autoe huo ukungu, ajionee barabara mwenyewe.

Jana wapita njia walimsalimia mmoja baada ya mwingine mpaka akachoka kuitika. Akasema, "Baba yenu angekuwa hapa, saa hii angetuambia tufunge pazia." Akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Pumzika, Baba. Tunakupenda, lakini pazia hatutafunga.

Binti yako,
Nekesa