Uso Wangu Kwenye Simu Yako

Mwanahawa mwanangu,

Usiucheke mwandiko, mama yako aliishia la nne.

Tangu urudi chuoni, kila nikipita njia ya kuendea mwani nakukumbuka. Ile asubuhi tuliikuta imezibwa kwa seng'enge na mwenye hoteli mpya. Maji yamekupwa, mwani wetu kule, sisi huku. Hata bahari ilipofanywa hifadhi, njia hiyo haikuguswa. Tukaketi chini na magunia yetu, tukagoma kuondoka. Wewe nyuma yetu na simu: "Sura sichukui, mama, migongo tu."

Migongo! Kisiwa hiki nani hajulikani kwa kanga yake? Kufika adhuhuri picha iko mjini Kilindoni, iko Dar kwa mjomba wako, na msimamizi wa hoteli anatangaza kuwa mwenye kanga ya njano ndiye mchochezi, atampeleka polisi. Mimi huyo. Nilikulilia, "Ifute, Mwana!" Ukaniambia, "Imeshasambaa, mama. Siishiki tena."

Ndipo jirani yetu Bi Mwanaidi akaja anacheka. "Wanatafuta kanga? Basi kesho sote tuvae sare ya harusi ya Zuhura wangu." Unakumbuka tulivyofika, wanawake wote kanga moja? Msimamizi anatazama simu, anatutazama sisi. "Yuko wapi yule wa jana?" Bi Mwanaidi akamjibu, "Chagua, baba, sote bei moja." Hata mlinzi wake aligeuka pembeni acheke.

Mwenyekiti wa kijiji akasema picha imefika wilayani, mkuu wa wilaya mwenyewe yuko njiani, anataka mmoja wetu aeleze. Kila mtu akatazama miguu yake. Nikasimama mimi. Alipofika, ukaninong'oneza na simu mkononi, "Nizime, mama?" Nikakwambia, "Usizime. Na uso chukua."

Seng'enge imeondolewa, mwanangu, kama alivyoamuru mkuu wa wilaya, na mwani nimeshauanika. Ila nasikia wapo wanaokuandikia matusi chini ya picha. Usiwajibu, ule, ulale. Na mtu usimtie kwenye simu kabla hujamuuliza. Roho inauma, hata mambo yakiisha vizuri.

Juzi sokoni Kilindoni binti nisiyemjua kaniamkia: "Shikamoo, si wewe mama wa ile njia?" Zamani ningevuta mtandio usoni nipite zangu. Nikamwitikia marahaba, nikamwambia ndiye mimi.

Nakuombea kila sala,

Mama yako