Mgongoni mwa Kangaga

Salha mjukuu wangu,

Marahaba. Bibi yako mzima, ananigombeza vizuri tu.

Umeuliza makangaga ya mwambani yanatambulikanaje, nayo hayachanui. Umemuuliza bingwa. Ujanani nilimwongoza mtaalamu wa mimea huku Mwera. Kila jani akaligeuza, akachungulia mgongoni. Nikajua huyu anatafuta alama za mali ya Mjerumani, ile isemwayo ilifukiwa enzi za ukoloni. Nikamnyang'anya mkoba, nimpeleke kwa mwenyekiti wa kijiji afukuzwe. Kuufungua, majani makavu matupu.

Akanionyesha ukingo wa jani uliojikunja kufunika vumbi la mbegu. "Mengine hayafuniki, kaka. Hapa ndipo tunapoyajulia."

Mimi nilimsoma usoni tu. Nikamwomba radhi, akanisamehe papo hapo. Upesi ule, mjukuu wangu, bado unanitia shaka.

Babu yako,
Mzee Chumbageni