Kichwa cha Mama

9 Februari

Mdogo wangu Chiriku,

Habari za huko, na hicho kikohozi chako kimekwisha? Huku tu wazima nusu nusu, maana mimi ni mzima na mama siye. Kwenye simu wewe unaanza kulia, mimi nabaki nasema "haloo, haloo" kama mjinga, ndiyo maana naona tuandikiane. Tena mama anapenda kusomewa. Barua zako hunitaka nizirudie.

Ameanguka tena. Safari hii hakujikwaa wala hakuteleza. Alikuwa amekaa kitini, nikatoka uani kumsikiliza mteja aliyeniletea friji nimtengenezee, mara nikasikia kishindo. Aliinuka ghafla kama mtu aliyeitwa, akaenda chali, kisogo kikagonga ukingo wa meza. Ameshonwa. Daktari wa hapa bado anasema ni Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, ameongeza vidonge. Mdogo wangu, vidonge vile ni kama kumpa maji. Wenzake ninaowaona kliniki wanatetemeka mikono. Mama hatetemeki. Amekuwa mgumu kama ubao, shingo imekaza, macho kayakodoa mbele kama aliyeshtuliwa. Akila, chakula kinamwagikia kifuani kwa sababu haiangalii sahani. Mama huyo huyo, dobi aliyekuwa akilirudia shati la mtu kwa kunyanzi moja tu!

Mama mdogo alikuja kumwona, akasema dada yake anadeka. Nilimmiminia chai, maana ni mama yetu pia.

Wewe unafanya kazi palepale dawa zinapotafutwa. Ulisema mna dawa mpya mnaijaribu. Mtoto wa dobi atembee kifua wazi? Tuletee.

Kaka yako


27 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo. Mama naye umpe shikamoo yangu, umwambie kikohozi kimekwisha. Mimi mwili ni mzima. Mengine usimsomee; barua hii ni yako peke yako.

Nifanyie jambo moja. Kaa mbele ya mama, inua kidole usawa wa macho yake, umwambie akifuate kwa macho bila kusogeza kichwa. Kipeleke kulia, kisha kushoto. Halafu kishushe taratibu hadi mapajani mwake. Niandikie ulichokiona.

Naogopa si Parkinson. Kuna magonjwa yanayofanana nayo, ni ndugu, ila huu ninaoufikiria, unaozuia macho yasitazame chini, ndiye ndugu asiye na huruma. Protini fulani inajisokota ndani ya chembe za ubongo kama uzi uliojifunga fundo, na chembe inakufa. Ndiyo kazi yangu, kaka. Nakata bongo za waliokufa kwa ugonjwa huo, vipande vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, navitia rangi, naviweka kwenye darubini. Mafundo hayo nayaona kila siku. Sikujua nitakuja kuyaona ndani ya barua yako.

Dawa ipo kweli, lakini bado iko kwenye majaribio. Inatolewa kwa dripu kwa wagonjwa waliokubali. Nusu yao wanapata dawa, nusu wanapata maji ya chumvi, na hakuna anayejua nani kapata nini, si mgonjwa, si nesi, si mimi. Nikiiba chupa nikuletee, huenda nikakuletea maji. Matokeo yatasomwa katikati ya mwaka. Yakiwa mazuri nitagonga kila mlango mpaka mama aipate. Naapa.

Mdogo wako


20 Machi

Chiriku,

Hujambo? Sisi tunakokotana.

Nilifanya ulivyosema. Kulia macho yalikwenda, polepole. Kushoto pia. Nilipokishusha kidole, macho yakabaki palepale juu, yananitazama usoni. Mama akaniuliza, "Kimekwenda wapi?"

Kilikuwa mapajani mwake, kinamgusa.

Basi. Sasa nisikilize, wala usinilaumu. Ulisema nisimsomee, nami sikumsomea. Lakini aliniuliza, "Chiriku anasemaje?" Nikamwambia, "Anasema dawa inakuja." Ungemwona! Siku hiyo alimaliza bakuli zima. Keshoye akataka nimshike mkono azunguke uani. Alitembea hadi kwenye kamba ya nguo, akaishika, akasema, "Akija na dawa nitaanza na mapazia haya, machafu kama kaniki." Nilicheka mpaka nikajificha nyuma ya friji ya watu nikalia.

Kwa hiyo ujue hivyo. Hapa nyumbani dawa yako imeshafika. Imebaki tu iletwe.

Kaka yako


30 Juni

Kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini hamjambo kiasi. Barua hii naiandika mara ya sita, nyingine nimezichana.

Matokeo yamesomwa. Walitukusanya ukumbini, mkuu wetu akaonyesha ukutani mistari miwili, mmoja wa waliopata dawa, mmoja wa waliopata maji. Ilishuka pamoja, kaka. Kama pacha walioshikana mikono wakiteremka mlima. Waliopata dawa walianguka vilevile, walinyamaza vilevile, walipaliwa vilevile. Mkuu aliyeipigania dawa hiyo tangu nywele zake zikiwa nyeusi alizima mashine, akatuambia, "Asanteni, rudini kazini," akabaki amesimama akiutazama ukuta mtupu. Dripu zimesimamishwa. Mume wa mgonjwa mmoja amekuja mapokezi anapiga magoti, anasema mkewe alikuwa amepata nafuu, wasimnyang'anye. Tulipofungua majina, mkewe alikuwa akipata maji.

Sina dawa ya kumpa mama. Hakuna mwenye nayo duniani.

Sasa kuna neno moja, nisipoliandika leo sitaliandika. Tunaendelea kutafuta, na tunatafuta ndani ya bongo za waliokufa. Rafu zetu zimejaa, lakini hakuna hata mmoja wa mtu wa kwetu. Hatujui kama kwetu mafundo yanaanzia palepale au kwingine. Katika hospitali kuu ya huko kuna daktari wa mishipa ya fahamu anayeshirikiana nasi, namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Mama akiondoka, na atangulie Mungu asiondoke, inabidi daktari huyo aitwe mapema, saa hizo hizo. Hukata kwa nyuma, uso hauguswi, na mtu anazikwa siku ileile.

Kaka, ninauliza tu.

Mdogo wako


2 Oktoba

Kwako,

Hatujambo.

Nimekaa kimya kwa sababu kila nilipokamata kalamu yalinijia maneno ambayo mtu hamwandikii ndugu yake. Nitayaandika machache. Umeshindwa kumponya, sasa unataka kichwa? Mama si gari bovu, useme injini imekufa basi tuchinje vipuri.

Lakini mabaya zaidi ni haya. Ile barua nilimsomea. Alisikia bahasha ikichanwa, akageuza kichwa, nikaanza kusoma kama kawaida kabla sijajua inaelekea wapi. Nilipofika kwenye ile mistari ya ukutani nilitaka kuruka, ila mama ananijua, nikisita tu anajua. Nikasoma mpaka mwisho. Hata lile.

Alitoa sauti, nikadhani amepaliwa, nikamwinamisha nimpige mgongo. Kumbe anasema. Siku hizi neno moja linamgharimu kama kupanda kilima. Alisema, "Mpe."

Nikamuuliza, "Nimpe nini, mama?" hali najua.

"Mpe."

Nilitoka nje nikafungua friji ya mteja niliyokwisha kuitengeneza, nikaifungua yote, kipande kwa kipande, mpaka nikashindwa kuirudishia.

Tangu siku hiyo hataki kula. Si kwamba hawezi tu, hataki. Daktari alisema apitishiwe mpira tumboni. Kwa sasa anajibu kwa mkono: kidole gumba juu ni ndiyo, ngumi ni hapana. Alifunga ngumi daktari hajamaliza kusema.

Ulikuwa mwepesi wa kuuliza kuhusu kufa kwake. Njoo umwone angali hai.

Kaka yako


15 Oktoba

Kaka,

Shikamoo, nakushika miguu.

Nimefuta. Ombi lile halipo. Usimpe mtu yeyote chochote, usimpigie yule daktari. Mama azikwe mzima kama alivyozaliwa. Mwambie nimesema hivyo, mwambie sitaki, nakataa.

Nimepata ruhusa. Nafika tarehe mbili Desemba, mapema zaidi ndege hazikupatikana. Mwambie anisubiri. Mlegezee uji, lakini maji yafanye mazito kidogo, maji matupu ndiyo yanayompalia. Mwegemeze mito, kidevu kiinamie kifuani anapomeza. Tafadhali kaka. Wiki chache tu.

Mdogo wako


14 Novemba

Mdogo wangu Chiriku,

Pole. Nakupa pole nami nasubiri kupewa.

Ulipopiga simu nilikwambia mama amefariki, ukaangua kilio, nikakata kabla hujaniuliza mengine. Yasomeke hapa.

Barua yako ya kufuta ilifika angali na fahamu. Niliipokea kwa furaha, nikamsomea kwa sauti kubwa: "Sitaki, nakataa." Nilidhani atashukuru. Alifunga ngumi. Akaipiga godoro, mama aliyekuwa hawezi kufukuza nzi. Nikamwambia, "Mwenyewe amekataa, mama, yamekwisha." Akapiga tena. Hakuacha mpaka niliposema, "Haya. Nimesikia." Ndipo akafungua vidole, akaniwekea gumba juu.

Uji kidogo aliokubali uliingia mapafuni, homa ikapanda. Nilimwegemeza mito ulivyosema. Nilimwambia uko njiani, unakuja. Alfajiri moja alivuta pumzi, nikangoja nyingine, haikuja.

Nilipiga ile namba, nikakata. Nikapiga tena. Daktari akauliza, "Una hakika?" Nikamjibu, "Mimi sina. Alikuwa nayo yeye."

Gari la hospitali lilipofika mama mdogo alikuwa ameshaingia. Alisimama mlangoni, akapanua mikono. "Dada yangu kazaliwa na kichwa, atazikwa na kichwa!" Nikamwambia, "Mama mdogo, ni neno lake mwenyewe." Akasema, "Mgonjwa yule neno alitoa wapi? Ni wewe na yule msomi wako." Mdogo wangu, nilimsukuma. Sijawahi kumgusa mkubwa wangu hata kwa maneno, na nilimsukuma, nikapita na mama.

Hospitalini nilikaa kwenye benchi nje ya chumba. Nilisikia mashine. Ni mtu wa mashine mimi, najua mlio wa kitu kinachokata. Nikaimba, sijui hata niliimba nini, ili nisisikie. Walimrudisha kafungwa kitambaa cheupe, uso ni uleule, huwezi kujua kitu. Tulimzika jioni. Baada ya hapo mama mdogo aliinuka, na watu waliokuja kukaa na mimi wakainuka naye. Hakuna aliyerudi.

Nashinda nikijiuliza kama nilimtii mama au nilimsaliti. Asubuhi naona nilimtii. Ikifika mchana sioni tena.

Daktari anasema sanduku litasafirishwa kwenda kwenu tarehe mosi Desemba. Nimehesabu, mtapishana njiani, yeye anakwenda huko na wewe unakuja huku. Najua utataka kuahirisha safari, umngoje, uwe wewe wa kumpokea. Usifanye hivyo. Huko yeye ana watu wa kumpokea. Huku nimebaki peke yangu.

Kaka yako