Kidole Kimoja cha Verlin

Kelso Bend, Ohio
14 Mei 2019

Kwa mdogo wangu Wendell,

Pokea salamu zangu, na baada ya salamu nipe habari za mgongo wako na za hilo joto la Arizona, maana kadi yako ya Krismasi ilikuwa na neno moja tu, "Nipo", na kwa "nipo" mtu hawezi kujua kama mwenzake anakula au analala. Mimi sijambo, ila goti linauma mvua ikikaribia, na huku mvua inakaribia kila siku. Mto umeshuka tangu Aprili, lakini chumba cha chini bado kinanuka tope. Naandika kwa sababu kwenye simu ungenikatia, na ungekuwa na haki.

Verlin tulimzika Februari. Ulituma maua bila jina, lakini nani mwingine angenitumia maua kutoka Tucson? Ahsante. Wiki tatu za mwisho mume wangu hakuweza kusema. Mkono wake wa kulia ulikaa juu ya blanketi, vidole vikicheza: kimoja, kimoja, viwili, kimoja. Muuguzi akaniuliza mzee anahesabu nini. Nikamwambia hahesabu kitu, yuko uwanjani kwenye besiboli, amechuchumaa nyuma ya mpigaji tayari kudaka, anamwonyesha mrushaji arushe mpira wa namna gani. Yule binti akalia. Mimi sikulia.

Sasa sikia ya mjini. Unakumbuka Verlin alipofungiwa besiboli maisha kwa ajili ya kamari, ubao wenye jina lake uling'olewa pale uwanja wa watoto, ukatupwa nyuma ya kituo cha zimamoto. Basi tangu mazishi watu hawaelewani. Wengine wanasema hatujapata kuwa na mdakaji kama yule, na adhabu ya maisha imekwisha na maisha yenyewe, ubao urudi. Wengine wako na mwalimu Odile Fenwick, anayesema mcheza kamari ni mcheza kamari, hai au maiti, na watoto wasifundishwe kumwimba. Pale mgahawani wazee waliokunywa kahawa pamoja miaka arobaini sasa wanapeana migongo. Gus Tepe wa duka la vifaa amechapisha fulana zenye yale maneno ya Verlin, aliyoyasema kwenye televisheni huku machozi yanamtoka: "Nilicheza kamari, lakini kila mara kwa ushindi wetu." Na kweli, karatasi zote walizokamata wachunguzi zilisema hivyo hivyo.

Jumanne iliyopita halmashauri ilikutana ili kura ipigwe. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama kwenye ngazi. Odile akasema hana haja ya fulana za Gus, mjane yupo, aulizwe yeye, maana siri ya mtungi aijuaye kata. Akanigeukia, akaniuliza kwa upole kabisa kama ipo siku hata moja Verlin alicheza kamari dhidi ya timu yake mwenyewe. Kabla sijafungua kinywa, Gus akadakia kwa sauti: "Hee, mwalimu, aliyetuuza si Verlin! Aliyetuuza ni Wendell, tena bure, hata kulipwa hakulipwa!"

Wakacheka, Wendell. Inakwenda miaka thelathini na mitatu, na bado wanacheka. Na mimi, tumbo moja na wewe, nilisimama katikati ya kicheko kile nikasema: hapana, hata siku moja. Wakapiga makofi. Kura zikapigwa, ubao unarudi Siku ya Kumbukumbu, tarehe ishirini na saba, na wanataka mimi ndiye nivute kitambaa.

Mdogo wangu, nilidanganya. Nianze na unayoyajua, ili nipate nguvu ya kufika kwa usiyoyajua. Ni ile Jumapili ya Septemba, mwaka themanini na sita. Tukishinda, tunaingia fainali. Ulikuwa na miaka ishirini na miwili, na mrushaji mchanga hamtikisii kichwa mdakaji mkongwe kukataa ishara yake, sembuse mdakaji huyo akiwa shemeji yako aliyekufundisha kushika mpira. Awamu ya mwisho, tunaongoza kwa pointi moja, wao wana wakimbiaji wawili njiani wanaosubiri kufunga. Akaja yule mpigaji wao, jitu la mtu, ambaye hata watoto walijua kuwa mpira wa kasi ulionyooka kwake ni mkate na siagi, hakosi kuupiga. Verlin akakupa kidole kimoja, mpira ulionyooka. Akakupa tena. Akakupa mara ya tatu, na huo akaupiga ukavuka ukuta, tukashindwa.

Uliwaambia waandishi kuwa ulirusha ulichoombwa. Wakakuita mwoga anayemsingizia nahodha wake. Verlin alikaa kimya. Kabla theluji haijaanguka ulikuwa umeachwa na timu, na Mama aliingia kaburini akiniuliza kwa nini Wendell alimpa yule mtu mpira ulionyooka.

Usilolijua ni hili. Aliyepiga simu za kamari ni mimi. Verlin asingeweza kupiga kutoka chumba cha wachezaji, kwa hiyo nilimpigia kinyozi mmoja ng'ambo ya mto aliyepokea kamari za watu, nikasema neno moja: "nyumbani" tukichezea ushindi wetu, "wageni" tukichezea wao. Miaka miwili nilisema "nyumbani". Asubuhi ile, akifunga tai mbele ya kioo, Verlin akaniambia leo niseme wageni. Nikamuuliza mara mbili. Akasema: "Sema tu, Irma, tunazama kwenye madeni." Nikasema. Kisha nikaenda kukaa karibu na Mama, tukala karanga. Ulipoinama kusoma ishara ya tatu, ukasita. Nilikuona ukisita. Niliomba Mungu utikise kichwa. Hukutikisa.

Kinyozi alikufa kabla ya wachunguzi kuja, na siku ile haikuandikwa popote ila kifuani mwangu. Kwa nini nilinyamaza? Nilipenda kuitwa mke wa Verlin. Sababu ndiyo hiyo, na sina nyingine nzuri zaidi.

Nimeandika barua ya pili, yenye haya haya, kwa mhariri wa gazeti letu. Nitampelekea Ijumaa ya tarehe ishirini na nne, na kitambaa chao watavuta wenyewe. Lakini jina litakalotajwa ni lako pia, na labda umeshapata amani huko usiyotaka ichokozwe. Ukikataa, nipigie kabla ya Ijumaa hiyo. Safari hii ishara natoa mimi, na nakusihi usinitii kwa heshima.

Msalimie mkeo Noreen na wajukuu. Glovu yako ya siku ile Mama aliificha chini ya mablanketi yake. Nimeipaka mafuta na inakuja kwa mzigo. Ngozi bado laini. Msamaha siombi.

Dada yako, niliyeacha jina la mume na kulirudia la baba yetu,

Irma Brandewie