Mungu Aliyekatwa Redioni

3 Machi

Mwanangu mtangazaji,

Hujambo? Sisi wazima, ila magoti yangu na cherehani havielewani tena. Nimekuandikia kwa ajili ya mwanangu Mrefu, ndugu yako. Ameanza kuacha sindano za kisukari. Mhubiri wake mpya anasema dawa ni kumkufuru Mungu, na anayemhoji ni adui. Mtoto ananikondea hivi hivi namwona. Kipindini umeshawasema matajiri, polisi, hata waume wakorofi. Huyu mbona hujamgusa?

Shangazi yako

15 Machi

Shangazi, shikamoo.

Pole sana. Habari za Mrefu zimeninyima usingizi. Ofisini tumebishana mpaka chai ikapoa. Waumini wenzenu walipopigwa mawe sokoni kwa ajili ya dini yao, sisi ndio tuliowatetea. Tukimsema mhubiri huyu, warusha mawe watashangilia. Wenzangu wanaona heri kunyamaza, mimi nimeshindwa. Njoo studio useme mwenyewe.

Mwanao

2 Aprili

Marahaba mwanangu.

Nilirudi salama. Kipindi nimekisikia. Mle studio nilimtaja Mungu kila nikivuta pumzi, nanyi mmemkata pote, nikabaki naongea kama bwana afya. Najua mlitaka kunistiri. Mrefu alizima redio, akaniuliza, "Mama, nawe umemwacha Mungu?"

Mlitutetea, na sitasahau. Lakini mnatuogopa. Mnadhani kila anayesali sana ana yule mhubiri ndani yake. Nirudishieni Mungu wangu, maana ndiye niliyekuja naye kumpinga mhubiri yule.

Shangazi yako

9 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Aliyekata ni mimi. Niliogopa wenzangu wangekucheka. Nimewasomea barua yako, na hakuna aliyecheka. Kesho tunarusha yote. Nimekusikiliza upya ukisema, "Mungu aliyenipa mtoto ndiye aliyewapa madaktari akili. Anayemnyima mwanangu dawa anamwibia Mungu." Tunajiita majasiri hapa, lakini sijamsikia mtu jasiri kama wewe. Naona fahari kuitwa mwanao.

Mwanao

20 Aprili

Marahaba mwanangu.

Mimi mzima kiasi. Wafuasi wa yule bwana wamekuja kuchukua vitambaa vyao kabla sijashona, na mmoja amenitemea mate mlangoni. Siku mliporusha yote, Mrefu alinyoosha mkono azime redio. Aliposikia naanza na sala, akaurudisha, akakaa mpaka mwisho. Kesho yake akaingia jikoni, akapandisha shati, akasema, "Nichome wewe, Mama. Sindano hii hapa."

Nimemchoma, akaenda kunawa uso. Mimi nikakaa pale pale jikoni nikalia.

Shangazi yako